Nyama Haihitaji Saa Mbili

Kuna sheria ambayo haijaandikwa popote, lakini inatiiwa karibu katika kila jiko kuanzia Ndanai hadi Sotik mjini, na ukipanda Kapkatet na Litein mpaka Kericho utaikuta vilevile: nyama ya ng'ombe sharti ichemshwe kwanza. Ikatwe vipande vikubwa, itiwe sufuriani na maji na chumvi, ifunikwe, ichemke saa moja na nusu, saa mbili, wakati mwingine zaidi, ndipo kitunguu kikaangwe na nyanya zifuate. Anayepika kwa njia nyingine huambiwa amepika nyama mbichi. Mgeni akiandaliwa nyama iliyoiva kwa dakika kumi, atatafuna kipande kimoja kwa wasiwasi, kisha atasema ameshiba.

Mimi nasema sheria hiyo ni ya uongo, na uongo wenyewe unatugharimu. Unakula kuni zetu. Unakula jioni za mama zetu na binti zetu. Mwisho wa yote unatunyima hata nyama yenyewe, kwa kuwa siku ya kazi hakuna mwenye saa mbili za kuchunga sufuria. Basi nyama inasukumwa hadi Jumapili, au hadi bonasi ya majani chai itoke mwezi wa Oktoba, na kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa sahani ni ugali na sukuma wiki, kesho yake sukuma wiki na ugali. Tumezoea kusema kinachotuzuia ni bei. Bei ipo, sikatai, na kuna nyumba ambazo hata robo kilo haziiwezi. Lakini ziko nyumba nyingi zinazouza maziwa asubuhi na majani chai mchana, nyumba ambazo robo ya steki mara moja au mbili kwa wiki si mzigo wa kuzishinda. Hata hizo haziinunui. Zinazuiwa na imani mbili zinazotembea pamoja: kwamba nyama lazima ichemke mpaka usiku uingie, na kwamba kwenda buchani kuomba robo ni aibu.

Nianze na choma, kwa sababu choma peke yake inatosha kuiangusha imani ya kwanza. Mzee yule yule anayeisukuma kando nyama ya karai kwa kuwa "haijaiva" atakwenda senta Jumamosi, aketi mbele ya ubavu uliotoka kwenye makaa sasa hivi, achovye chumvi na kula mpaka mfupa ubaki mweupe. Hajawahi kumuuliza mchomaji kama nyama ilichemshwa kwanza. Babu zetu Wakipsigis walichoma nyama kwenye moto wa kuni kabla duka la kwanza la sufuria halijafunguliwa nchi hii. Na ukishuka pwani, Mombasa na Lamu, na ukavuka hadi Forodhani kule Unguja, utakuta mishkaki ikiuzwa kila jioni: vipande vidogo vya sarara vilivyolazwa katika tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi, vikapitishwa motoni kwa dakika chache na kuliwa hapo hapo vikiwa vya moto. Hapo hapana sufuria wala saa mbili.

Kwa hiyo moto mkali na muda mfupi si mambo tuliyoletewa na hoteli za Nairobi. Ni yetu tangu zamani. Tulichofanya ni kuyatenga. Moto wa haraka tukaupeleka uwanjani, kwa wanaume na siku za raha. Moto wa polepole tukamwachia mama jikoni, siku ya kazi, akiwa na uchovu wake. Sijasikia mtu akiutetea mgawanyo huo kwa sababu yoyote ya maana. Umekaa tu, na kwa kuwa umekaa tunauita mila.

Itazame jioni ya Jumatano katika nyumba ya mkulima wa chai. Mama amechuma tangu asubuhi. Majani yamepelekwa kituoni, na kituoni kuna foleni, kuna mizani, kuna kungoja lori la kiwanda ambalo msimu wa mvua huchelewa kwa sababu ya matope. Anafika nyumbani saa kumi na mbili imepita. Ng'ombe analia zizini, hajakamwa. Watoto wana kazi za shule. Mtu huyu ukimwambia achemshe nyama kwa saa mbili, umemwambia familia ile saa nne usiku, watoto wadogo wakiwa wamelala. Hawezi. Atakata sukuma wiki nyuma ya nyumba, asonge kimyet, yaani ugali wetu, na ametimiza wajibu wake.

Na ikiwa nyama imepatikana siku hiyo, anayewekwa kuichunga ni binti. Anaongeza maji yanapokauka. Anasukuma kuni. Anafunua mfuniko, anachoma kipande kwa uma, anakuta bado, anafunika tena. Daftari liko mapajani na moshi uko machoni. Kaka yake anasoma sebuleni kwenye taa. Tunaposema wasichana wetu wanabaki nyuma katika hesabu, tuhesabu na saa hizo.

Sasa tuulize swali ambalo wengi hawaulizi: kwa nini nyama hulainika ikichemshwa muda mrefu? Ndani ya kipande cha nyama kuna vitu viwili. Kuna nyuzi za msuli, na kuna kano na tando nyeupe zinazozishika nyuzi hizo pamoja. Nyuzi huiva upesi. Joto likifika digrii 60 hadi 70 ndani ya kipande zimekwisha kuiva, na ukiendelea kuzipasha zinajikunja na kukamua maji yaliyomo. Kano ni kinyume chake. Zinataka joto la taratibu, saa baada ya saa, mpaka ziyeyuke na kuwa ule ute unaogandisha supu inapopoa. Kwa hiyo kongoro lina haki ya saa tatu. Muundi, shingo, kidari, mifupa ya supu, vyote hivyo vina haki ya sufuria na moto mdogo, na Jumapili asubuhi mimi ni wa kwanza kuvitetea. Lakini steki nzuri, sarara na fileti hazina kano nyingi za kuyeyusha. Ukizichemsha, kwa nusu saa ya kwanza unazikaza, na kwa saa moja na nusu inayofuata unangoja zichakae zisambaratike. Ule ulaini unaosifiwa mezani ni wa nyama iliyotoa utamu wake wote majini, na ndiyo maana baadaye inahitaji nyanya nne na viungo vya pakiti ili iwe na ladha ya kitu.

Kuna jambo jingine ambalo wapishi wa nyanda za juu wanalijua kwa mikono hata kama hawajaambiwa sababu yake. Huku juu maji hayafiki digrii 100. Katika mwinuko wa mita 2,000, kama wa Kericho, maji huchemka karibu na digrii 93, na hata ukiongeza mzigo mzima wa kuni hayatapanda zaidi ya hapo. Yatakauka tu haraka. Maharagwe yanayoiva Mombasa kwa muda fulani, huku yanataka zaidi, na nyama ya kuchemsha ni vivyo hivyo. Nchi ya chai ni mahali pabaya pa kutegemea maji ya moto. Mafuta kwenye karai hayazuiwi na mlima. Yanafika digrii 180 na kupita, Ndanai sawasawa na Malindi. Mtu anayeishi miinuko hii ana sababu kubwa zaidi ya kukaanga kuliko watu wa pwani, na sisi ndio tunaochemsha kuwashinda.

Imani haizuki bure, na hii pia ina mahali ilipozaliwa. Ng'ombe aliyechinjwa zamani mara nyingi alikuwa dume aliyelima miaka mingi, au ng'ombe wa maziwa aliyezeeka. Nyama ilipikwa kwa ajili ya watu wengi, sherehe nzima, katika chungu kimoja. Hapakuwa na friji. Mpishi wa siku ile alikuwa na akili timamu kuchemsha. Ila mahali ambapo imani hii inazaliwa upya kila siku ni buchani. Mzoga unaning'inia, mteja anasema nipimie nusu, na muuzaji anashusha panga kwenye gogo bila kuangalia linapoangukia. Mfupa, kano, mafuta na kipande kizuri cha paja vinaingia pamoja kwenye mizani. Nyama ya namna hiyo haiwezi kuiva kwa muda mmoja, maana ni nyama nne katika karatasi moja. Mpishi hana la kufanya ila kuchemsha mpaka kile kigumu kuliko vyote kilainike, na kile laini kinaadhibiwa pamoja nacho.

Basi mageuzi yanaanza pale kwenye kaunta, kwa maneno machache tu.

"Mama, nikupimie ngapi?"

"Robo. Steki tupu, ya paja. Usiikatekate, nipe kipande kizima."

"Robo, mama? Na wageni je?"

"Leo sina wageni. Ni chakula cha watoto."

Kipande kizima ni muhimu kuliko yote, kwa sababu kazi kubwa ya kulainisha itafanywa na kisu nyumbani. Steki ni ghali kidogo kwa kilo kuliko ya mifupa, lakini hulipii mfupa. Na umdai muuzaji akuonyeshe muhuri wa mkaguzi kwenye mzoga. Nitalirudia hilo la muhuri baadaye, maana lina uzito.

Hoja isiyofika jikoni haina faida kwa mtu aliyechoka, kwa hiyo nieleze kazi yenyewe. Noa kisu kwanza. Kisu butu ndicho kinachowafanya watu wakate vipande vikubwa, na vipande vikubwa ndivyo vinavyowarudisha kwenye sufuria. Weka nyama ubaoni uitazame mpaka uone nyuzi zinaelekea wapi. Zinaonekana, zimelala kwa mistari kama nyuzi za mkeka. Ukate kuzikingama nyuzi hizo, si kuzifuata, vipande vyembamba vya milimita tatu au nne. Ukizifuata nyuzi, kila kipande kitakuwa na nyuzi ndefu ambazo jino linapaswa kuzikata. Ukizikingama, kisu kimekwisha kuzikata na jino linapitia tu. Hiyo ndiyo siri yote ya ulaini kwa nyama ya kukaanga haraka, na haigharimu hata senti moja.

Ikiwa unajua ng'ombe alikuwa mkubwa kwa umri, nyunyiza robo ya kijiko cha chai ya soda ya kuokea kwenye hiyo robo kilo, uchanganye kwa vidole, uache dakika kumi na tano. Soda hiyo inazizuia nyuzi zisikazane sana zikipata moto, hivyo maji yake hayatoki yote. Usizidishe kipimo, italeta ladha ya sabuni. Aliye na mpapai atumie papai bichi lililokunwa, kijiko kimoja, kama wafanyavyo watu wa mishkaki, wala asiache usiku kucha maana nyama itakuwa uji. Baada ya hapo ikaushe kwa kitambaa safi, utie chumvi.

Wakati nyama inangoja, kata mboga: kitunguu kimoja kikubwa, karoti mbili kwa vijiti vyembamba, hoho, nusu ya kabeji ndogo au kishada cha sukuma wiki, tangawizi na kitunguu saumu vilivyopondwa, nyanya moja, dania. Vyote hivi vinapatikana soko lolote la hapa, na nusu yake vinaota nyuma ya nyumba. Managu na saga, mboga zetu za kienyeji, siziingizi humu. Hizo zina heshima yake pembeni, zikipikwa taratibu kwa maziwa na krimu kama alivyotufundisha kogo, bibi yetu.

Songa ugali kwanza uufunike. Kisha bandika karai, lile lile la chapati na mandazi, liwe kavu na la moto kabisa, ndipo utie vijiko viwili vya mafuta. Yakianza kutoa moshi mwembamba, tia nusu ya nyama. Nusu, si yote. Itandaze ishike chuma, uiache bila kuikoroga mpaka upande mmoja uwe na rangi ya kahawia, uigeuze, na ndani ya dakika mbili au tatu imeiva. Itoe uiweke kwenye sahani, utie nusu ya pili. Halafu mboga katika karai hilo hilo, ambalo sasa lina mabaki matamu ya nyama chini yake: kitunguu na karoti kwanza, tangawizi na saumu, hoho, mwisho kabeji. Dakika nne, tano. Mboga ziive lakini zisilegee. Rudisha nyama pamoja na majimaji yake, tia nyanya na dania, koroga mara chache, epua. Kutoka kunoa kisu hadi kupakua ni nusu saa, na kati ya hiyo moto wa karai umewaka dakika kumi na tano hivi. Ukiacha sufuria ya ugali na sahani, chombo cha kuosha ni kimoja.

Najua wapo watakaosema: nilijaribu, ikawa ngumu kama ngozi. Naamini walijaribu. Lakini ukiwauliza walifanyaje, majibu ni yale yale. Walitia nyama yote kwa pamoja kwenye karai la vuguvugu. Nyama nyingi baridi ikishuka kwa mara moja, joto la chuma linaanguka, maji yanatoka, na nyama inaanza kuchemka katika maji yake yenyewe. Walipoona maji wakafunika. Walipoona imekaza wakaongeza nyanya na maji zaidi. Kufikia hapo wamerudi kwenye sufuria bila kukusudia, ila kwa vipande vibaya na moto mbaya, na wakahitimisha kwamba wazee walisema kweli. Imani hii inajilinda namna hiyo: inawafundisha watu kukata vipande vinavyohitaji saa mbili, kisha inawaambia, mmeona, nyama inahitaji saa mbili.

Hofu ya magonjwa ni hoja nzito zaidi, na anayeijibu kwa dharau hawatendei haki wazazi. Ni kweli nyama mbichi huweza kubeba tegu. Lakini mabuu ya tegu hufa nyama inapopata joto la digrii 60 na zaidi, na kipande cha milimita tatu juu ya chuma cha moto kinapita hapo mpaka ndani kwa dakika moja au mbili. Ukitaka uhakika, kikate kimoja katikati: kisiwe chekundu ndani. Pande kubwa la sufuria, lililotolewa mapema kwa sababu kuni zimekwisha, ndilo la kuogopewa kuliko kipande chembamba.

Halafu kuna kimeta, ugonjwa ambao Kenya huushuhudia mara kwa mara, nao ndio unaofichua hatari ya imani hii. Watu hushawishika kula ng'ombe aliyekufa zizini kwa kujiambia kwamba "tutaichemsha vizuri." Kimeta kinamshika mtu kabla sufuria haijabandikwa, wakati wa kuchuna na kukatakata, kupitia mkwaruzo mdogo tu mkononi. Hakuna saa za kuchemsha zitakazomwokoa mchunaji. Sheria ya Kenya ya udhibiti wa nyama, Sura ya 356, iliweka ukaguzi kwa sababu hiyo: ng'ombe atazamwe akiwa hai, mzoga utazamwe baada ya kuchinjwa, ndipo upigwe muhuri. Muhuri ndio unaotulinda. Tumeacha sufuria ichukue nafasi ya mkaguzi, na matokeo yake bucha isiyo na muhuri inaendelea kupata wateja, kwa kuwa kila mteja anajiamini kwamba moto wa nyumbani utasafisha kila kitu.

Na kuni je? Katika sensa ya 2019, asilimia 55.1 ya nyumba za Kenya zilisema zinapikia kuni hasa. Gesi ilikuwa asilimia 23.9 na makaa 11.6. Vijijini mwetu hali haihitaji sensa kuonekana. Angalia msitu wa Chepalungu hapa hapa Bomet ulivyobaki. Viwanda vya chai vyenyewe vinawasha matanuri yake kwa kuni za mikaratusi, hivyo mkulima anashindania mti ule ule na kiwanda anachokiuzia majani. Mwenye meko ya gesi naye akiwasha saa mbili kila anapopika nyama, mtungi wa kilo 6 unakwisha kabla ya wakati wake, ndiyo maana mtungi wenyewe huwekwa kwa chai ya asubuhi tu na nyama ikarudishwa kwenye mafiga.

Kuna kuni moja inaniuma hasa. Chai inapopogolewa, matawi yake hubebwa nyumbani kupikia. Washauri wa kilimo cha chai, na watafiti wa Kericho wakiwa mbele, wanatuhimiza tuyaache matawi yale shambani yaoze juu ya udongo, kwa kuwa yana rutuba ambayo mche uliichota ardhini. Tukiyabeba tunaihamisha rutuba ya shamba kwenda kwenye majivu, halafu tunakopa mbolea kwa bonasi ya mwaka ujao. Sisemi kila tawi linaloondoka shambani linachemsha nyama. Nasema nyumba iliyopunguza moto wa saa mbili kuwa wa dakika kumi na tano ina nafasi ya kuyaacha baadhi yaoze yanapostahili kuozea.

Nifike kwenye aibu ya robo. Tumelelewa kuamini kwamba nyama ikipikwa lazima ionekane: kila mtu apate mapande matatu, mzee apate na mfupa. Nyama isiyoweza kuonekana hivyo afadhali isinunuliwe. Huko ni kuwapikia macho ya jirani. Robo iliyokatwa nyembamba na kuchanganywa na mboga hutapakaa karai zima, kila tonge la kimyet linapata kipande, na watu watano wanakula. Mtoto anayekula nyama kidogo Jumatano na kidogo Ijumaa ananufaika kuliko yule anayengoja sherehe ya mwisho wa mwezi. Nyama ina madini ya chuma ambayo mwili huyachukua kwa urahisi, na zaidi ya hayo inausaidia mwili kuyachukua yale yaliyo ndani ya mboga. Hoho na kabeji zina vitamini C inayofanya kazi hiyo hiyo, vitamini ambayo hupotea kwa wingi mboga zikichemshwa muda mrefu na maji yake kumwagwa. Karai la haraka linaihifadhi kwa sehemu kubwa. Na neno moja kwa wakulima wenzangu wa chai, ingawa si tamu kulisema: kikombe cha chai kikinywewa pamoja na chakula hiki kinazuia sehemu ya madini ya chuma ya mboga yasifyonzwe. Kipumzike saa moja baada ya kula. Mursik, maziwa yetu ya kibuyu, nayo inaweza kungoja.

Mgeni akija, mchinjie, mchemshie, mpe mfupa na supu. Heshima hiyo siigusi. Ninachokataa ni kupima siku za kazi kwa kipimo cha mgeni, mpaka watoto wa nyumba wanakosa kwa sababu hakuna wa kuwatazama wakila.

Wauza nyama wa Ndanai mnaweza kulimaliza jambo hili kuliko mwandishi yeyote. Acheni panga lipumzike, mtenge steki mahali pake na supu mahali pake, na anayeomba robo mpimieni bila kumwangalia usoni mara mbili. Na ninyi waume mnaosema jikoni mngesaidia ila mapishi ya nyama yanachukua muda mrefu, sasa hayachukui. Ni nusu saa. Mkirudi kutoka senta na ile karatasi ya robo mkononi, msimkabidhi mtu. Noeni kisu, muwashe moto, mpike.